Nani mwenye haki ya kuwasemea Waabenaki?

MwalimuWaLangoni: Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninawaandalia wanafunzi wangu hapa Lamu somo kuhusu Waabenaki, wenyeji wa asili wa kaskazini-mashariki ya Marekani na kusini ya Quebec. Jimbo la Vermont, Marekani, liliyatambua makundi manne kuwa ya Waabenaki mwaka 2011 na 2012, ilhali Waabenaki wa Odanak, nchini Kanada, wanayapinga. Nifundishe vipi bila kumdhulumu mtu?

MsusiWaShela: Waaleikum salaam, mwalimu. Anza na Odanak, kwani kijiji hicho, kilichochomwa na askari wa Robert Rogers, kamanda wa upande wa Waingereza, mwaka 1759, kingali na watu wake, na ndiko alikokulia mtengenezaji filamu Alanis Obomsawin. Waoneshe na vikapu: gogo hupondwa mpaka matabaka yaachane, yakachanwa membamba, kisha yakasukwa pamoja na nyasi zenye harufu nzuri. Sisi wasusi wa mikeka tunaijua thamani ya kazi hiyo.

MzeeWaMkomani: Naafiki, dada yangu. Hoja ya Odanak ni nasaba, yaani makundi hayo hayajathibitisha kuwa ni uzao wa Waabenaki, na serikali kuu ya Marekani ililikataa ombi la kutambuliwa la kundi la Missisquoi, mojawapo ya yale manne, mwaka 2007. Wa Vermont hujibu kwamba wazee wao waliificha asili yao kwa hofu. Mwalimu, zisome pande zote, ila usiziweke sawa kabla ya kuupima ushahidi wa kila mmoja.