Mama ametimiza miaka 65: je, Fomu 1040-SR itamwondolea kodi?

Mtoto_wa_Tatu:
Salaam kwenu nyote. Mama yangu ni mjane, nasi tunaishi naye hapa Marekani. Nyaraka zake zinaonyesha kuwa alizaliwa Januari 1, 1961, tarehe ambayo wengi waliopitia kambi za wakimbizi waliandikiwa kwa sababu ile halisi haikujulikana. Mwaka 2025 alipokea dola 18,000 za Social Security (mafao ya hifadhi ya jamii ya serikali), dola 18,000 za pensheni aliyoachiwa na marehemu baba, ambayo yote hutozwa kodi, pamoja na dola 400 za riba ya benki. Nimeambiwa kwamba ipo fomu ya wazee, 1040-SR, na kwamba anayeijaza hatozwi tena kodi kwa fedha za Social Security. Naomba kufahamishwa iwapo anastahili kuitumia kwa ritani (taarifa ya mapato kwa ajili ya kodi) ya mwaka 2025, ilhali miaka 65 aliitimiza mwaka 2026 ulipoingia, na iwapo hilo la kutotozwa kodi ni kweli.

Karani_Mstaafu:
Ndugu, anastahili. Kwa hesabu za kodi za Marekani, mtu huhesabiwa kuwa ametimiza miaka 65 siku moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa, kwa hiyo mama yako aliitimiza Desemba 31, 2025. Angeandikiwa Januari 2, angesubiri mwaka mzima.

Hata hivyo, fomu yenyewe haimpunguzii mtu hata senti moja. Ilitokana na sheria ya bajeti ya mwaka 2018 na ikaanza kutumika kwa mapato ya mwaka 2019, baada ya fomu fupi za 1040-EZ na 1040-A kufutwa. Tofauti yake na 1040 ya kawaida, fomu ya ritani ya watu wote, ni maandishi makubwa na chati ya punguzo la kawaida (sehemu ya mapato isiyotozwa kodi) iliyochapishwa humo humo. Mengine yote, pamoja na viambatisho, ni yale yale. Jambo jema ni kwamba haina kikomo cha mapato, wala haimzuii mzee mwenye pensheni, tofauti na 1040-EZ. Nyongeza ya punguzo kwa aliyefikisha miaka 65 hutokana na umri, hivyo angeipata hata kwa kujaza 1040 ya kawaida.

Hesabu_Kwanza:
Naongezea kuhusu Social Security, maana uvumi huo umeenea mno tangu sheria ya mwaka 2025 ipite. Sheria hiyo haikufuta kodi ya Social Security; ilichofanya ni kuleta punguzo jipya la hadi dola 6,000 kwa kila mwenye miaka 65 na zaidi, kwa miaka ya 2025 hadi 2028, ambalo huanza kupungua mapato ya asiye na mwenzi yanapovuka dola 75,000.

Tuchukue hesabu ya mama. Nusu ya Social Security ni dola 9,000. Ukijumlisha pensheni na riba unapata dola 27,400. Kwa asiye na mwenzi, kizingiti cha Social Security kuanza kutozwa kodi ni dola 25,000, naye amekivuka kwa dola 2,400. Kwa kuwa hajafika dola 34,000, kinachoingia katika mapato ni nusu ya ziada hiyo, yaani dola 1,200 tu kati ya zile 18,000. Mapato yake basi ni dola 19,600. Ondoa punguzo la kawaida la mwaka 2025, yaani dola 15,750 na nyongeza ya dola 2,000 ya umri, zinabaki dola 1,850, ambazo punguzo jipya linazifuta zote. Kodi ni sifuri.

Lakini asidhani kwamba hana haja ya kuwasilisha ritani. Kwa umri na hali yake, mwenye mapato ya dola 17,750 au zaidi analazimika kuwasilisha, naye amezidi. Punguzo la dola 6,000 hudaiwa kwa kujaza Kiambatisho 1-A. Halihesabiwi katika kiwango hicho cha dola 17,750. Tazama pia kisanduku cha 4 cha karatasi ya 1099-R aliyoletewa na mfuko wa pensheni: kama kuna kodi iliyokatwa ya serikali kuu, atarudishiwa yote.

Mtoto_wa_Tatu:
Nawashukuru sana. Kisanduku hicho kina dola 1,080, nasi tulikuwa tumekwisha kukubali kwamba zimekwenda. Nikimjazia mimi, nani atie sahihi? Yupo mtu mtaani anayejaza kwa malipo, lakini amesema jina lake halitaandikwa popote.

Karani_Mstaafu:
Mama ndiye atakayetia sahihi. Mwana anayemsaidia mzazi bila malipo hatakiwi kutia sahihi yake. Huyo wa mtaani muepukeni kabisa, kwa sababu anayelipwa kutayarisha ritani analazimika kisheria kutia sahihi na kuandika namba yake ya utambulisho ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Kama mnataka mtu wa kukagua, ulizeni kituo cha mpango wa TCE (ushauri wa kodi kwa wazee) kilicho karibu nanyi: huhudumia wenye miaka 60 na zaidi bila malipo, na wanaojitolea hapo wamethibitishwa na IRS. Nendeni na kadi ya Social Security ya mama, kitambulisho chenye picha, SSA-1099 (karatasi ya malipo ya Social Security), 1099-R na karatasi ya riba, kabla ya Aprili 15.