Jasho la kichwani na usoni linanitesa, nipo Tanga. Naombeni ushauri

Fundi wa Ngamiani
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 27, ni fundi cherehani hapa Ngamiani. Shida yangu ni jasho la kichwa na uso, na si lile la kaskazi linalompata kila mtu. Wenzangu wakiwa wakavu, mimi linachuruzika toka kwenye nywele hadi kidevuni na kudondokea kitambaa cha mteja. Satini ikishapata tone inabaki na alama. Mteja akisimama kuniangalia ninavyokata ndiyo linazidi. Mikono na kwapa ni kawaida tu. Lilianza nikiwa sekondari, na marehemu baba alikuwa hivi hivi. Wapo wanaosema presha, wengine wanasema jini. Nimechoka kuishi na leso mkononi. Nifanyeje?

Mgosi wa Muheza
Pole sana dada. Kapime sukari. Mjomba wangu lilimwanza ukubwani: akianza kula tu uso unalowa, hata chakula kiwe kimepoa. Kumbe kisukari cha siku nyingi kilishaharibu mishipa yake ya fahamu.

Tabibu Pwani
Dada, kabla hatujafika kwenye dawa: usiku ukilala linatoka? Umepungua uzito, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka? Kuna dawa unazotumia?

Fundi wa Ngamiani
Usiku silowi, labda umeme ukatike feni izime. Uzito ni ule ule, moyo sawa, dawa situmii.

Tabibu Pwani
Ahsante, hapo umenisaidia sana. Jasho lililoanza ujanani, lipo kwenye ukoo, linatoka pande zote mbili sawasawa na linakoma usingizini, mara nyingi halitokani na ugonjwa mwingine. Tezi zako ni nzima. Neva zinazoziamrisha ndizo zinazotuma amri kupita kiasi, na wasiwasi unazichochea, ndiyo maana mteja akikusimamia linamiminika. Si jini, wala si uchafu.

Ninayemhofia ni yule lililomwanza ghafla ukubwani, au anayelowesha shuka usiku, hasa akiwa na homa, kikohozi au anakonda. Huyo asikae nyumbani: apimwe kifua kikuu, VVU, sukari na tezi ya shingo. Dawa nazo huleta jasho, zikiwemo baadhi za sonona na tramadoli ya maumivu.

Wewe nenda hospitali ya Bombo hapo Tanga wakuhakikishie. Wakiona haja ya bingwa wa ngozi, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha kikanda cha magonjwa ya ngozi. Tiba ya kuanzia ni kloridi ya alumini, asilimia 10 hadi 20, na kwa uso uanze na ya chini. Inaziba vitundu vya jasho kwa muda. Inapakwa usiku kwenye ngozi kavu kabisa, asubuhi unanawa. Isifike machoni, wala usipake penye mchubuko, inawasha sana.

Bi Raskazone
Mwanangu, la kwangu lilikuja na kukoma hedhi, kwa hiyo si sawa na lako. Ila jaribu haya: mtandio wa pamba nyepesi badala ya hizi za kuteleza, na uwe nao wa kubadili mchana. Pilipili na chai ya moto uzipunguze kabla ya kazi. Huku kwetu hewa ina unyevu, jasho halikauki upesi, basi feni ikupulize usoni.

Mgosi wa Muheza
Tabibu, nasikia kuna vidonge. Si bora ameze tu?

Tabibu Pwani
Vipo, kama oksibutinini, lakini kwa cheti cha daktari. Vinakausha mdomo, vinaleta choo kigumu, macho yanaona ukungu. Na kwa joto letu kuna hatari: ukizuia jasho la mwili mzima, mwili unaweza kushindwa kujipoza. Sindano ya botoksi husaidia miezi kadhaa, ila ina gharama na inarudiwa. Upasuaji wa kukata neva simshauri mtu aukimbilie, wengi jasho huhamia mgongoni na tumboni, na neva iliyokatwa hairudi.

Fundi wa Ngamiani
Shukrani sana, hasa kwa hilo la jini, mama yangu nitamsomea. Hiyo ya kupaka, naanzia uso mzima?

Tabibu Pwani
Hapana. Sehemu ndogo tu ya paji karibu na nywele, usiku mbili tatu. Isipowasha, endelea na mstari wote wa nywele. Likishapungua, unapaka mara moja au mbili kwa wiki.