Mjadala: Tunaokuja kuutazama Mji Mkongwe tuchangie kukarabati nyumba za wenyeji?

Wadau, naleta hoja hii tuijadili kwa uzito wake. Kila mgeni anayelala Mji Mkongwe wa Unguja, awe ametoka Ulaya au amevuka kutoka Dar kama mimi, atozwe kiasi kidogo kwa kila usiku, na fedha hiyo iwe na mfuko wake peke yake wa kukarabati nyumba zinazokaliwa na wenyeji. Isiende hazina kuu, wala kwenye barabara, wala kwenye mabango ya utalii. Iende kwenye paa, boriti na kuta za watu. Mimi naunga mkono, na nitasema kwa nini.

Juzijuzi mimi na mume wangu tuliwaacha watoto kwa bibi yao, tukapanda boti kwenda kupumzika wikendi. Tulizunguka wanapozunguka wageni wote: Ngome Kongwe, kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, Hamamni, Darajani, na jioni urojo na mishkaki Forodhani. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye milango. Kuna ile ya Kihindi yenye upinde juu na njumu za shaba, na ile ya Kiarabu iliyonyooka juu, yenye maandishi ya Kurani yaliyochongwa kwenye ubao. Mume wangu ni mwashi. Kila nikimwita aone nakshi, yeye ananionyesha ufa ulio juu yake.

Na nyufa ni nyingi. Nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, maana upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti. Ukuta wa chokaa hunyonya maji kisha huyatoa. Ukiupiga plasta ya saruji, kama wanavyofanya wengi kwa kuwa saruji inapatikana duka lolote na fundi wake yuko kila kona, unyevu unabaki ndani, chokaa inalainika, na vichwa vya boriti vinaoza pale vinapoingia ukutani. Paa nalo likianza kuvuja, masika mawili matatu yanatosha kuiangusha ghorofa ya juu juu ya ile ya chini. Dawa inajulikana: paa zuri, boriti mpya, na plasta ya chokaa iliyolowekwa muda wa kutosha, mkononi mwa fundi anayeijua. Lakini ni kazi ya gharama, na mwenye nyumba wa kawaida haiwezi.

Sasa tazameni hesabu yetu sisi wageni. Tulilipa boti, chumba, chakula na viingilio. Lakini kilichotuvusha bahari ni vichochoro, milango, baraza na roshani, na hivyo vyote tulivitazama bure. Anayevigharamia ni yule anayeishi nyuma ya mlango tuliopigia picha, anayesogeza kitanda kila mvua ikinyesha. Fedha yetu ilipita mlangoni kwake ikaenda hotelini.

Tusisahau tulifikaje hapa. Mji una majengo yapatayo 1,700. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, nyingine ni mali ya wakfu (iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani, isiuzwe), na kodi za pango zikabaki ndogo mno, hazitoshi hata kubadilisha mabati. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985, na nyumba za serikali zikaanza kuuzwa kwa watu binafsi kwa sharti la kuzikarabati. Nani alikuwa na fedha za ukarabati? Aliyetaka hoteli, nyumba ya wageni au duka la vinyago. Mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia, hadhi ambayo si ya milele. Liverpool ilifutwa 2021, na sisi wenyewe tulikwisha kuonywa pale jengo la Mambo Msiige, Shangani, lilipogeuzwa hoteli kwa ujenzi uliokwenda kinyume na makubaliano. Halafu tarehe 25 Desemba 2020 Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, likaporomoka upande mmoja wakati linakarabatiwa, na watu wawili wakafariki. Ikiwa jumba lile, lenye serikali na wafadhili nyuma yake, halikusalimika, nyumba ya mjane wa mtaa wa Malindi, humo humo Mji Mkongwe, itasalimika vipi?

Najua wapo watakaosema tuige Venice, ambayo Aprili 2024 ilianza, kwa siku zilizopangwa, kumtoza euro 5 mgeni wa kutwa asiyelala. Mimi lango silitaki. Venice yenyewe mji wa kale umebaki na wakaazi wasiofika 50,000, na mtu wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, anayekwenda kumjulia hali shangazi yake mtaa wa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, hawezi kuulizwa tiketi. Kitanda cha hoteli ndicho kinachotenganisha mgeni na mwenyeji bila kumdhalilisha mtu. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya 700,000. Wengi walikwenda fukwe za Nungwi na Paje, sawa, lakini hata wale wachache wanaolala mjini wanatosha kuanza nao.

Karibuni kwa hoja.

Mchangiaji, Mwanza

Dada, nia yako njema lakini sikubaliani nawe. Hoteli za Zanzibar tayari zinatoza kodi ya miundombinu kwa kila usiku. Kabla ya kuongeza nyingine tuambiwe ile ya kwanza imefanya nini ndani ya Mji Mkongwe. Mwaka 2021 tulibebeshwa tozo ya miamala ya simu tukaambiwa ni madarasa na vituo vya afya, na mpaka leo kuna watu hawataki kulisikia neno tozo. Pia mimi Mtanzania natembea nchi yangu. Nikilipa nauli ya basi mpaka Dar, nikalipa boti, nikalala chumba cha bei ya chini, wewe unaniongezea mzigo ule ule unaomwongezea mtu aliyetoka Milano? Utalii wa ndani tunauhubiri kila siku, halafu anayeitikia wito anakutana na risiti nyingine mezani.

Mchangiaji, Lamu

Huku kwetu mji uliingia Urithi wa Dunia 2001, mwaka mmoja baada ya wenu. Nenda Shela, kijiji jirani kisiwani hapa, uone nyumba ngapi zimenunuliwa na watu wa Ulaya. Zimetengenezwa vizuri kabisa, chokaa safi, maua juu ya dari, na miezi mingi ya mwaka zimefungwa. Jirani yako ni mlinzi. Kwa hiyo msidhani fedha ndiyo tatizo lote. Nyumba inaweza kupona na mtaa ukafa. Mimi ningeanza na sheria ya mauzo kabla ya tozo.

Mchangiaji, Kiponda

Dada yangu, mie ndie huyo unomsema, nyuma ya huo mlango. Nimezaliwa nyumba hii, na mama yangu kafia humu humu. Ni nyumba ya wakfu, mie mpangaji. Nakushukuru kwa kuliona paa, wengi hawalioni. Lakini hebu nikuulize. Hizo fedha anapewa nani? Wakimpa mwenye nyumba akatia boriti mpya, kesho yake ataniambia nyumba sasa nzuri, kuna mtu anaitaka kwa nyumba ya wageni, mie nitafute pa kwenda. Yashatokea mtaa huu, na si mara moja. Nyumba mbovu ndiyo inayonilinda mie. Ikitengenezwa bila ya karatasi ya kunilinda, mmenitoa kwa wema wenu.

La pili, si fedha tu. Watu wanakuja wanakaa barazani kwetu na nguo za ufukweni wakati wa sala ya alasiri. Watoto wanapigwa picha bila ya kuulizwa mzee wao. Muongozaji anasimama chini ya dirisha langu anawaeleza wageni habari za nyumba yangu, na nusu ya anayoyasema si kweli. Mgeni akisema "hodi", akasalimu, akauliza, mie nitamfungulia aone ua na ngazi na kisima. Nimeshawafungulia wengi. Hayo hayataki kodi.

Mchangiaji, muongozaji wa wageni, Unguja

Naomba nitetee kazi yetu kidogo. Tunaitwa mapapasi, yaani wanaowang'ang'ania wageni mitaani, sote kwa jumla, hata sisi wenye vitambulisho. Mgeni wa siku hizi anatoka ufukweni asubuhi, anataka soko, kanisa, Forodhani, nyumba aliyowahi kukaa mwimbaji Freddie Mercury na duka la viungo ndani ya saa tatu, halafu gari inamsubiri. Utamweleza nini cha chokaa na boriti? Ninaowapenda ni wale wawili wawili kama nyinyi wanaolala. Jioni watu wa basi wakiondoka, ndipo mtu anapata nafasi ya kukaa Jaws Corner, akanywa kahawa chungu na kusikiliza wazee wakibishana siasa. Kwa hiyo tozo ya kitanda itamwangukia mgeni mwema na kumsamehe yule wa mbio. Kama mnatoza, atozwe naye.

Mleta mada

Nimesoma zote, na mume wangu nimemsomea. Ndugu wa Mwanza, hilo la uwazi nalikubali bila masharti: orodha ya nyumba zilizotengenezwa, kiasi na jina la mtaa, ibandikwe hadharani kila mwaka, na kama kodi iliyopo inaweza kutengewa fungu la nyumba basi tusianzishe mpya. Kuhusu Mtanzania kulipa, sijabadilika. Kiwango kiwe tofauti, kama ilivyo kwenye viingilio vya hifadhi, lakini kisiwe sifuri. Nyumba haiulizi uraia wa anayeitazama. Muongozaji naye kasema kweli kuhusu mgeni wa mbio. Makampuni yanayoleta magari kutoka ufukweni yanaweza kuchangia kwa kila kiti bila kuweka lango lolote.

Bi mkubwa wa Kiponda, shikamoo. Ulilosema ndilo linalobeba mjadala wote, kwa hiyo naliingiza kwenye hoja. Fedha isimfikie mwenye nyumba mpaka asaini kwamba mpangaji aliyemo hatatolewa, kodi haitapanda kuliko kiwango kilichokubaliwa, na nyumba haitageuzwa kuwa ya wageni kwa muda mrefu, tuseme miaka kumi na tano au ishirini. Akivunja, arejeshe fedha yote. Mume wangu anaongeza kwamba kazi ifanyike sehemu kwa sehemu, paa kwanza, watu wakiwa ndani, ili asiwepo mtu wa kuambiwa "hama kidogo, utarudi".

Swali langu sasa ni kwa wanasheria wa Zanzibar waliomo humu. Kwa nyumba za wakfu, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inaweza kusaini sharti kama hilo kwa niaba ya wakfu, au masharti ya mwenyewe aliyeweka wakfu yanaizuia? Na kwa nyumba za warithi kumi na wawili, nusu wako Muscat na Toronto, nani anasaini?