Tupeane uzoefu: likizo ya wazee wawili katika miji ya Uingereza

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Wapendwa, salaam. Mwaka juzi, baada ya kusubiri kiinua mgongo mpaka nikakaribia kukisahau, mimi na mke wangu, Mama Neema, tulifunga safari ya kwenda Uingereza kutembea tu. Hatukwenda kuuguza mtu, hatukwenda kwenye mahafali, wala hatukwenda kulea mjukuu. Nafungua mada hii kwa sababu vijana wanaotupangia safari hizi huzipanga kwa magoti yao, si kwa magoti yetu, na ningependa wenzangu waliovuka miaka 60, au waliowapeleka wazazi wao, waeleze walivyozunguka miji ile, nini kiliwafaa na nini kiliwachosha.

Ratiba yetu aliiandika mwanetu: London, Oxford, Bath, Bristol, Liverpool, York na Cambridge, yote kwa siku 12. Kila baada ya siku moja au mbili tulikuwa tunafungasha mizigo. Mjini Bath tulitazama maji ya moto yanayobubujika kutoka ardhini yakiwa na nyuzijoto 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku, yaleyale yaliyowavuta Warumi wakajenga mabafu yao pale karibu miaka 2,000 iliyopita. Bwawa kubwa ni la kijani, linafuka mvuke, na mgeni haruhusiwi kutia hata kidole. Mama Neema alisimama ukingoni akaniambia, "Kule kwenye chemchemi yetu ya Chemka tunajitosa na nguo zetu, huku tumelipa, halafu tunaambiwa tusiguse." Maji ya chemchemi hiyo yaliyosafishwa huonjwa kwa bilauri. Ni ya vuguvugu, na ladha yake ni kama umelamba msumari uliolowa. Niliyamaliza kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kulipa.

Kuhusu Bristol sina la kuwaeleza, maana saa zilizopangwa za kutazama daraja la kuning'inia la Clifton nilizimaliza kitandani. Kesho yake, stesheni, Mama Neema alikalia begi lake akasema hatapanda treni nyingine mpaka nimtajie mji mmoja ambao tutalala zaidi ya usiku mmoja. Tulifuta Liverpool na Cambridge, tukaenda York kwa siku tano, na likizo yetu ilianza siku hiyo.

York ni mji ambao mzee anaweza kuumaliza kwa miguu bila haraka. Ukuta wake wa mawe una urefu wa takribani kilomita 3.4, na watu hutembea juu yake; ngazi za kupandia kwenye malango ni nyembamba, na kuna sehemu ambazo upande wa ndani hauna kizuizi chochote, kwa hiyo tuliugawa ukuta kwa siku tatu na kutembea asubuhi kabla ya watu kuwa wengi. Ndani ya kanisa kuu tulikaa saa nzima mbele ya dirisha la mashariki, ambalo vioo vyake vya rangi vilikamilika mwaka 1408 na ukubwa wake unakaribia uwanja wa tenisi. Ngazi 275 za kupandia mnara tuliwaachia wenye umri wao. Mimi, ambaye baba yangu alikuwa mtu wa reli, nilikwenda mara mbili kwenye makumbusho ya taifa ya reli, ambayo kuingia ni bure, kumwona Mallard, injini ya mvuke ya rangi ya buluu iliyofikia kasi ya maili 126 kwa saa mwaka 1938. Mara ya pili Mama Neema hakunifuata. Nilimkuta amekaa kwenye benchi karibu na mto Ouse, anasoma kibao kidogo cha shaba kilichopigiliwa nyuma yake, kinachoeleza kwamba watoto fulani walilitoa benchi lile kwa kumbukumbu ya wazazi wao waliopenda kukaa mahali pale. Mabenchi ya namna hiyo yapo mengi nchini humo. Kuanzia hapo alikuwa hapiti benchi bila kusoma limetolewa kwa ajili ya nani.

Karibuni, leteni ya kwenu.

Binti wa Kisauni

Shikamoo Mwalimu. Mimi niliwapeleka wazazi wangu, baba akiwa na miaka 71 na mama 66, tukazunguka London na Manchester, kwa hiyo nitasema zaidi habari za usafiri, ambazo ndizo zilizonitoa jasho.

Treni za kule ni ghali ukinunua tiketi siku ya safari. Aliyefikisha miaka 60 anaweza kununua kadi ya punguzo ya wazee, ambayo humpunguzia theluthi moja ya nauli nyingi kwa mwaka mzima, na mgeni naye anaruhusiwa kuinunua kwa kuonyesha pasipoti. Iko pia kadi moja ya watu wawili wanaosafiri pamoja, ya umri wowote kuanzia miaka 16, ila haitumiki kabla ya saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi. Wazee wetu hawana sababu ya kukimbilia treni ya alfajiri, kwa hiyo sharti hilo halitusumbui. Kosa nililofanya ni kununua tiketi za bei nafuu ambazo zimefungwa kwa treni moja tu. Katika stesheni kubwa namba ya jukwaa hutangazwa dakika chache kabla ya kuondoka, na mpaka mama amalize kutembea umbali huo milango ilikuwa imefungwa. Nililipa upya kwa wote watatu.

Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba ipo huduma ya bure ya kusaidiwa stesheni, ambayo huombwa saa kadhaa kabla ya safari. Mhudumu huja, huwasindikiza abiria mapema mpaka kwenye behewa, na kule wanakoshuka huwa kuna mwingine anayesubiri. Si lazima mtu awe mlemavu. Magoti yanayouma yanatosha. Kwa treni za chini ya ardhi mjini London, tazameni kwenye ramani stesheni zenye alama ya kiti cha magurudumu, maana nyingine, kama Covent Garden, ukikosa lifti utakutana na ngazi 193. Sisi tulihamia kwenye mabasi, ambayo hayapokei fedha taslimu bali kadi ya benki ya kugusisha, na mama alipata kuuona mji badala ya kuona kuta za handaki. Zile pasi za bure za wazee msizisubiri, kwani ni za wakazi tu.

Jambo la mwisho ni kwa wanaoswali. Tulikwenda mwezi wa Juni, na mjini Manchester jua lilikuwa linazama baada ya saa tatu na nusu usiku. Baba aliisubiri Magharibi huku anasinzia kwenye kiti, na Isha ikija usiku umekwisha kuwa mkubwa, kisha Alfajiri nayo ikabisha hodi. Siku ya tatu tulikubaliana kwamba baada ya Adhuhuri kila mtu analala, na matembezi yanaanza saa kumi jioni, wakati jua bado lina zaidi ya saa tano za kuwaka.

Mama Kevo, Nakuru

Naongeza mawili matatu. Plagi zao ni kama zetu, za meno matatu ya mraba, kwa hiyo msinunue vile vidude vya kubadilishia. Ulizeni kuhusu lifti kabla ya kulipia hoteli: sisi tulipewa chumba ghorofa ya tatu katika nyumba ya zamani yenye ngazi za kuzunguka, na Baba Kevo, mwenye shinikizo la damu, alikuwa akishuka asubuhi hapandi tena mpaka usiku. Mabomba nayo katika nyumba kuukuu ni mawili, moja linaunguza na la pili linagandisha, nawe unawe uso kwa kuyachanganya kiganjani.

Bima ya safari msiifanyie uchoyo. Mgeni anayelazwa hospitalini hulipishwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida, na bima yenyewe hukataa kulipa ikiwa hamkutaja maradhi mliyokuwa nayo. Semeni yote, hata yale mnayowaficha watoto.

Abu Nasra, Maskati

Assalamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Oman, na mwaka 2019 nilikwenda Liverpool na mke wangu kwa wiki moja. Wakati ule kupata ruhusa ya kuingia kulikuwa na mizunguko. Sasa wenye pasipoti za Oman huomba idhini ya kielektroniki kwa simu, tofauti na ndugu zetu wa Tanzania na Kenya, ambao bado wanatakiwa kuomba viza na kutoa alama za vidole.

Ninasikitika Mwalimu aliifuta Liverpool, kwa maana ni mji unaowafaa watu wetu kuliko mingi. Makanisa yake makuu mawili yako katika ncha mbili za barabara moja, Hope Street, na lile la Kianglikana, lenye urefu wa mita 189 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ndilo kanisa kuu refu kuliko yote duniani. Kuingia ni bure. Lakini lililotupeleka sisi ni nyumba ya safu iliyopo Brougham Terrace, ambako wakili mmoja wa mji huo, Abdullah Quilliam, aliyesilimu baada ya safari ya Moroko ya mwaka 1887, alifungua msikiti tarehe 25 Desemba 1889, na siku hiyo, wenyeji wakiwa katika sikukuu yao, akawalisha maskini wa mji. Baada ya yeye kuondoka, jengo likawa ofisi ya serikali ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, mpaka Waislamu walipolirejesha. Nje linafanana na nyumba za jirani. Ndani, mke wangu alipapasa ukuta uliorudishiwa rangi, akaniuliza kama Sayyid Barghash, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar, alipitia hapa. Ilibidi nimjibu kwamba Barghash alizuru Uingereza mwaka 1875, na Liverpool aliifika, ila msikiti huu ulikuwa bado miaka 14 mbele yake.

Kesho yake tulikwenda gati la Albert, lililofunguliwa mwaka 1846, tukaingia katika makumbusho ya utumwa, ambayo tangu mwaka 2025 yamefungwa kwa matengenezo makubwa. Meli za mji huo zilibeba Waafrika wanaokadiriwa kuwa milioni 1.5 kuwavusha Atlantiki, na makumbusho yanalisema hilo bila kulizunguka. Sikutoka na moyo mwepesi, wala sikuweza kuwanyooshea kidole tu, kwa sababu sisi tuliozaliwa Unguja tunajua pale Mkunazini palikuwa na soko gani. Tulikaa kimya kwenye mabaraza ya gati mpaka mke wangu aliposema twende tukapande feri ya mto Mersey, tupigwe na upepo. Ni karibu dakika 50, na viti ni vya kutosha.

Mzee wa Bagamoyo

Nimesoma yote. Nami nilikuwa London na mke wangu kwa siku sita, mji mmoja tu, tena nikajiona nimejizidishia.

Sisi tuliokulia Bagamoyo tumecheza chini ya mnara wa kanisa la misheni, ambamo mwili wa David Livingstone uliwekwa mwezi Februari 1874, baada ya kubebwa kwa miguu kutoka Chitambo, nchi inayoitwa Zambia leo, na watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Moyo wake waliuzika kulekule chini ya mti. Kwa hiyo tulipofika Westminster Abbey, kanisa alimozikwa, hatukuwa na haja kubwa na wafalme waliojaa humo. Kaburi lake liko katikati ya ukumbi mkuu, jiwe jeusi lililolala sawa na sakafu, na watu wanapita kandokando yake na vifaa vya sauti masikioni. Maandishi yanasema kwamba aliletwa na mikono miaminifu kupitia nchi kavu na bahari, lakini hayasemi mikono hiyo ilikuwa ya nani.

Mke wangu alisimama miguuni pa jiwe, akatamka majina kwa sauti ya kawaida, kama anayeita mahudhurio darasani: "Susi. Chuma. Wainwright." Mhudumu mmoja mwenye joho jekundu alisogea akauliza kwa adabu kama tunahitaji msaada. Nilimweleza kwamba Jacob Wainwright, mmoja wa waliombeba, alikuwapo hapa siku ya maziko, tarehe 18 Aprili 1874, akalishika jeneza pamoja na mabwana wakubwa, ilhali Susi na Chuma hawakuwahi, walikuja Uingereza baadaye. Mhudumu alituletea kiti. Mke wangu alikalia kiti hicho karibu nusu saa, bakora mapajani, na waliokuwa wanapita wakaanza kulizunguka jiwe.

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Mzee wa Bagamoyo, shikamoo. Nimemsomea Mama Neema ujumbe wako mara mbili, naye sasa anasema London, ambayo alikwisha kuapa kutoirudia, ataikubali kwa siku tatu, halafu Liverpool siku nne, na basi. Nimekwisha kuanza kutafuta hoteli yenye lifti. Naomba kuuliza: mliingia Westminster Abbey saa ngapi ili kuepuka foleni, na siku gani inafaa?

Mzee wa Bagamoyo

Marahaba, Mwalimu. Ingieni asubuhi mara tu milango inapofunguliwa, na tiketi mzinunue kabla kwa mtandao, kwa kuwa bei yake si ndogo. Jumapili msiende kwa ajili ya kutazama, maana siku hiyo mlango ni wa wanaokwenda kusali. Mkiingia kwa ibada hamtalipa kitu, ila hamtaruhusiwa kuzungukazunguka hadi lilipo jiwe.