Majirani: pombe ya Jumamosi ya wiki ijayo

Mama Neema: Shikamoo Babu. Waliochanga wamefika 40. Ile ya mtama tupike Ijumaa?

Babu: Marahaba mama. Mkipika Ijumaa mtakunywa uji. Hesabu kwa kurudi nyuma: Jumamosi asubuhi kuchuja, Alhamisi jioni kimea (mtama uliooteshwa ukaanikwa) cha pili, Jumatano jioni uji. Na kimea kinalowekwa LEO.

Shemeji Juma: Leo?? Si tununue tu soko la Majengo 😅

Babu: Nunua, ila tafuna punje kwanza. Iwe tamu, ivunjike kama biskuti, na kimizizi kionekane. Ikinuka kuvu, acha. 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu mkoa huu wa Dodoma na Manyara, na kuchemsha hakuiondoi.

Mama Neema: Tutaotesha wenyewe. Kilo ngapi?

Babu: Kwa lita 60 kimea kilo 4, unga wa mtama kilo 8. Loweka mtama mpaka kesho, badilisha maji mara mbili. Tandaza juu ya gunia kivulini, unene wa vidole viwili, nyunyizia asubuhi na jioni. Siku ya tatu mizizi ikishikana, anika. Ukirundika nene katikati panapata joto na panaoza.

Mama Neema: Mtama wa mbegu umebaki dukani, ule wa rangi rangi.

Babu: Hapana! Ile rangi ni dawa ya wadudu. Mtama wa kula tu.

Dada Rehema: Babu, kwenye uji kimea kinaingia ukiwa wa moto?

Babu: Hapo ndipo wengi wanaharibu. Ukitia ukiwa unachemka kimea kinakufa, utamu hautoki, mnabaki na uji mzito. Usubiri mpaka kidole kivumilie, ndipo utie kilo 2. Ulale uchachuke. Alhamisi chemsha tena, koroga mpaka chini maana unaungua, halafu upoe KABISA. Ndipo utie kilo 2 zilizobaki, ndizo zenye chachu.

Shemeji Juma: Nina madumu matatu ya lita 20, yana vifuniko vizuri.

Babu: Madumu ni ya kubebea. Ya kuchachulia ni pipa la lita 100, lifunikwe kwa kitambaa. Povu linapanda, na dumu lililokazwa kifuniko linapasuka.

Mjumbe: Na wanzuki, ile pombe ya asali?

Dada Rehema: Asali lita 1 kwa maji lita 4, hamira kijiko cha chai. Maji yachemshwe yapoe. Tukianza kesho siku 9 zinatosha. Asali ya Manyoni ipo, ila ichujwe nta.

Mjumbe: Mvinyo nitachukua wa dukani, mwekundu mkavu. Kwa jua hili uingie friji nusu saa kabla. Dompo, ule mvinyo mtamu, nachukua chupa 3 tu, unawadanganya watu.

Mama Neema: Tuanze na upi kuonja?

Mjumbe: Mvinyo mkavu, kisha wanzuki, dompo mwisho. Ukianza na tamu, mkavu utauona siki. Ya mtama iende na nyama.

Babu: Na iishe siku hiyo hiyo. Jumapili itakuwa kali, Jumatatu siki. Machicha msimwage, nguruwe wa jirani wanayasubiri.

Dada Rehema: Kung'uto la kuchujia nani analo?

Shemeji Juma: Mimi, ila limetoboka pembeni.

Babu: Lishonwe kabla ya Ijumaa. Mama Neema, umeshaloweka?

Mama Neema: Ndoo ipo bombani 🏃🏾‍♀️