Ayani zinazobeba makosa: nihamie huko au nikomae na hizi nyembamba?

Alfajiri
Wakuu, habari za wakati huu. Naombeni ushauri, nimefika njia panda.

Nacheza gofu mwaka wa nne sasa, hendikapu 22, yaani mipigo 22 hivi ninayopewa kufidia kiwango changu. Ayani zangu (fimbo za kichwa cha chuma) ni bledi, zile zisizochimbwa mgongo, nyembamba kama wembe. Nilizinunua zikiwa zimetumika, na aliyeniuzia alinihakikishia kwamba ukijifunzia bledi hakuna fimbo itakayokusumbua tena. Nikiupata mpira katikati, raha yake siwezi kuieleza, unaondoka kama vile fimbo haijagusa kitu. Ila hiyo hutokea mara mbili au tatu kwa raundi nzima. Mipigo mingine yote ni mtetemo hadi kwenye kiwiko, na mpira unaangukia yadi 20 kabla ya grini (eneo la nyasi fupi lenye kikombe), mara nyingi ndani ya banka (shimo la mchanga) ya kulia.

Juzi mwenzangu tuliyekuwa naye kundi moja aliniazima namba 7 yake, zile nene zenye mgongo uliochimbwa. Niliupiga vibaya na nilijua nimeupata kwa nchani, mwisho wa kichwa ulio mbali na mpini, lakini mpira ukapanda, ukatua ukingoni mwa grini. Tangu siku hiyo sina amani na begi langu.

Wasiwasi wangu ni kwamba nikishazoea kubebwa sitajifunza kupiga vizuri tena. Wenye uzoefu nisaidieni.

Bogi Kwa Bogi
Mkuu, hama leo. Mimi nilihama nikiwa na hendikapu 19, msimu wa pili nikafika 15. Sisemi ni ayani peke yake, nilifanya mazoezi sana ya chipu (mpigo mfupi wa kuingia grini) na pata (fimbo ya kusukumia mpira kikombeni). Lakini nilianza kufika kwenye grini au karibu nayo, na ukiwa karibu ndipo pata yako inapokuwa na kazi ya kufanya. Kabla ya hapo nusu ya raundi nilikuwa ndani ya mchanga.

Mzee wa Tii ya Kwanza
Kijana wangu, usikimbilie. Mtetemo huo ndio mwalimu. Mkono ukiumia unajirekebisha wenyewe, mkono usiposikia kitu utarudia kosa lile lile hadi uzeeni. Sisi tulijifunza hivyo, na swingi zetu bado zinasimama. Tumia muda na mwalimu, achana na maduka.

Mama Haibridi
Shikamoo mzee wetu. Kwenye mwalimu nakuunga mkono kabisa, ila kwenye mtetemo naomba nitofautiane nawe kwa heshima.

Fimbo yenye mgongo uliochimbwa haifichi kosa. Sauti inabadilika, na mkononi unajua. Tofauti ni adhabu. Kichwa cha bledi kimekusanya uzito wake nyuma ya katikati, kwa hiyo ukiupata mpira upande wa ncha, kichwa kinajipinda, uso unafunguka, kasi inapotea, na mpira unakwenda mfupi na kulia. (Hapa nasemea anayepiga kwa mkono wa kulia.) Ukiuondoa uzito ule katikati na kuusambaza pembezoni, kichwa kinakuwa kigumu kupindika. Ni kama mtu anayetembea juu ya ukuta mwembamba akiwa amenyoosha mikono, si rahisi kuyumba.

Wazo hili si la jana. Karsten Solheim, mhandisi aliyeanzisha kampuni ya fimbo ya PING, alianza kwa kulifanyia kazi kwenye pata mwaka 1959 kabla ya kulihamishia kwenye ayani, na ayani zake za Eye 2 za mwaka 1982 ndizo zilizolisambaza kwa watu wengi. Siku hizi hata kwenye mashindano ya kulipwa utawakuta wachezaji kadhaa na migongo iliyochimbwa, na hao hupiga maelfu ya mipira. Alfajiri anayecheza mara moja kwa wiki ajinyime kwa sababu gani?

Wahenga walisema mbebwa hujikaza. Ayani nene zitakubeba kwenye mpigo wa nchani, zitakubeba ukiigonga ardhi nusu inchi kabla ya mpira, maana soli (sehemu ya chini ya kichwa) pana inateleza badala ya kuchimba. Ila hazitakubeba ukielekeza mwili kulia ukitarajia mpira uende kushoto.

Fundi Shafti
Mkuu Alfajiri, kabla hujatoa hela, fanya jambo moja. Tafuta ile poda ya kupulizia miguuni, uipulizie kwenye uso wa namba 7 ibaki safu nyembamba nyeupe. Piga mipira 20. Kila mpira utaacha alama yake, wewe hesabu. Usiamini hisia ya mkono, nimewaona wengi wanaoapa kwamba wanapiga kisiginoni mwa fimbo (upande wa mpini) na poda inaonyesha ncha. Tuletee majibu.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalisemi wakati wa kununua. Namba iliyoandikwa chini ya fimbo haina kipimo kimoja. Bledi zako za namba 7 zitakuwa na lofti (mlalo wa uso wa fimbo) ya digrii 34 au 35. Nyingi za hizi nene za kisasa namba 7 yake ni digrii 29 hivi, nyingine 27. Ndiyo maana ukiijaribu unaona umeongeza yadi 15 na moyo unafurahi. Umepiga namba 6 yako, au hata 5, iliyoandikwa 7! Si udanganyifu mtupu, kwa sababu uzito umeshushwa chini ili mpira upande hata lofti ikiwa ndogo. Lakini angalia kule mwisho wa seti. Weji (fimbo fupi ya mipigo ya karibu) ya kwanza itakuwa na digrii 43 au 44, na weji yako ya mchanga bila shaka ni 56. Katikati hapo pana shimo la digrii 12, ambalo utalitumbukia kila ukibakiwa na yadi 90. Itabidi uongeze weji ya 49 au 50, na begi lina nafasi ya fimbo 14 tu kisheria. Piga hesabu ya begi zima.

Chipu Laini
Nafuatilia uzi huu kwa karibu, nina tatizo hilo hilo.

Alfajiri
Wakuu, asanteni sana. Mzee wangu, nimekusikia, sijapuuza. Poda nimefanya leo asubuhi. Mipira 20: nchani 13, chini kabisa ya uso 4, katikati 3. Nilipiga picha ya uso ule na nimeitazama mara nyingi. Alama zimejazana upande mmoja, na katikati ni peupe karibu pote. Nilikuwa najua napiga nchani, sikujua ni kwa kiasi hicho.

Fundi Shafti
Kumi na tatu kati ya ishirini si bahati mbaya, hiyo ni tabia. Inawezekana unasimama mbali na mpira, au unajivuta nyuma wakati wa kushuka. Sogea mbele upana wa vidole viwili, uzito usiuache kwenye vidole vya miguu, urudie poda. Ukinunua fimbo sasa utakuwa umeinunulia kosa nyumba ya kuishi.

Mzee wa Tii ya Kwanza
Fundi amesema yaliyo moyoni mwangu.

Alfajiri
Nimerudi baada ya wiki mbili, samahani kwa ukimya.

Nilisogea kama Fundi alivyoelekeza. Wiki ya kwanza nilihisi nimebanwa, kisha mwili ukakubali. Poda ya mwisho imesema nchani 8, katikati 7, zilizobaki zimetawanyika. Mwalimu akaniongezea kimoja tu: nisikimbize mikono juu ya swingi.

Baada ya hapo ndipo nikaenda kujaribu fimbo kwenye mashine ya kupima mpira. Nilijaribu namba 7 tatu. Ya kwanza ni ile yenye uso mwembamba unaorusha mpira kwa nguvu. Mpira mmoja ulibeba (uliruka kabla ya kutua) yadi 168, uliofuata 149, na mkononi yote miwili ilikuwa sawa. Ya pili ilikuwa na ofseti (uso kurudi nyuma ya mpini) kubwa mno, kila nikiiweka chini macho yangu yanagoma. Ya tatu ina soli ya wastani, ofseti kidogo, digrii 31. Hiyo haikuwahi kufika 160, lakini kati ya mipira kumi, minane ilibeba kati ya 146 na 154, na ndani ya minane hiyo mitatu niliipiga nchani kabisa.

Mpimaji alinishawishi nichukue ya kwanza kwa sababu ya ile 168. Nilijiuliza nitafanya nini nayo nikiwa na yadi 150 na banka mbele. Nimechukua ya tatu, shafti (mpini) ya chuma nyepesi, kutoka namba 6 hadi weji ya digrii 45, na nimeongeza weji ya 50. Jana nilicheza nazo raundi ya kwanza. Shimo la nne, lile ambalo banka yake ya kulia naijua kama kitanda changu, niliupiga nchani tena. Niliisikia. Mpira ulipita juu ya ukingo wa mchanga, ukatua mbele ya grini, ukabingirika. Pata mbili, paa, yaani idadi ya mipigo iliyowekewa shimo hilo.

Bledi sijaziuza. Namba 7 moja naitumia mazoezini kupiga mipira 15 ya mwanzo, hilo nimelichukua kwa Mzee.

Namba 5 sikununua. Mama Haibridi, jina lako linanipa tumaini, hapo juu ya namba 6 niweke nini?

Mama Haibridi
Hongera sana mdogo wangu, na umefanya vizuri kuikataa ile 168. Kama namba 6 yako ni digrii 27 au 28, tafuta haibridi (fimbo iliyo kati ya ayani na fimbo ndefu za kichwa kikubwa) ya digrii 23 au 24. Mpira uweke nafasi ya mpira mmoja tu mbele ya katikati, upige kwa kushuka kama ayani, usiufagie. Pulizia poda na hiyo pia, utuletee picha.