Bosi anataka ramani ya kidijitali, visima vyangu vimeenda Ethiopia

Kijana wa Nkuhungu
Wakuu habari za mchana. Nipo taasisi moja ya umma hapa Dodoma, jina silitaji maana ugali wangu uko hapo. Wiki iliyopita bosi katoka kikao Mtumba karudi na neno moja, anataka visima na vituo vyote vya maji vya wilaya tunazohudumia vionekane kwenye ramani ya kompyuta, na kwa vile mimi ndo huwa naitwa printa ikigoma basi mzigo ukaniangukia mimi. Kodineti (namba za mahali kila kisima kilipo) ninazo kwenye Eksel, mistari kama mia nne, zimekusanywa na watu tofauti miaka tofauti. Jana nikazipandisha, bosi kasimama nyuma yangu na kikombe cha chai, visima vya Hombolo vikatokea Ethiopia na viwili viko baharini karibu na Tangier kule Moroko. Akaniuliza "na hivi tulichimba sisi?" akaondoka zake.

Sasa naombeni msaada, tatizo ni hii programu ya bure niliyopakua au? Maana kuna jamaa wa mauzo anatushawishi tununue ya laiseni na bei yake inatisha. Na lingine, ramani ikishakamilika inafanya kazi gani hasa zaidi ya kuonyeshwa wageni?

Fundi Bikoni
Hahaha pole mdogo wangu. Programu haina kosa. Sisi tuko kusini ya ikweta, latitudo lazima iwe na alama ya kutoa mbele, ukiisahau kisima kinaruka kaskazini umbali uleule, ndo hiyo Ethiopia yako. Vile vya Moroko mtu kageuza safu, latitudo kaiweka kwenye longitudo. Hayo unarekebisha chai haijapoa.

Balaa lenyewe lipo kwenye zile kodineti za namba ndefu, za mita. Hizo zinaikata dunia vipande vya nyuzi 6 za longitudo vinavyoitwa zoni, na namba zilezile zinajirudia kila zoni. Longitudo 36 inapita mashariki kidogo tu ya mji wetu, kwa hiyo Dodoma mjini na Bahi ni zoni 36 kusini ila Kongwa na Mpwapwa ziko zoni 37, na mtu wa fildi anaandika namba tupu, zoni haandiki. Ukikosea hapo kisima cha Mpwapwa kinahama nyuzi 6 kwenda magharibi kinatua Katavi huko, na hakimshtui mtu kwa sababu bado kiko Tanzania! Halafu uliza kila faili ni Arc 1960 au WGS84, hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali duniani. Ramani zetu nyingi za zamani ni Arc 1960, simu yako inatoa WGS84, ukivichanganya bila kubadilisha vitu vinasogea kama mita 300. QGIS, ile programu ya ramani ya bure, inawatosha kabisa, hiyo hela ya laiseni wekeni mafuta kwenye gari mkapime upya vile vyenye utata.

Dada wa Makole
Naongezea kidogo. Msianze kukusanya kila kitu upya jamani. Mie nilikuwa karani wa sensa 2022, eneo langu la kuhesabia nililikuta limeshachorwa kwenye kishikwambi, mpaka unaishia mti gani nauona. Mwaka huohuo ikaja anwani za makazi, barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba. Hiyo kazi ilishafanyika kwa hela ya serikali, andikeni barua muombe kinachotolewa. Ila wananchi waelezeni mapema, kuna bibi Chang'ombe alikaa mlangoni kabisa akakataa kibao cha namba kisigongewe ukutani kwake, alidhani ni ile X ya bomoabomoa. Tulimbembeleza mpaka saa saba mchana.

Mzee wa Stesheni
Nijibu swali la pili la kijana, naona wote mmelipita. Sera ya maji ya 2002 ilitaka mtu asitembee zaidi ya mita 400 kufuata maji na kituo kimoja kihudumie watu 250. Sasa kwenye Eksel utalionaje hilo? Kwenye ramani unachora duara la mita 400 kuzunguka kila kisima kinachofanya kazi (KINACHOFANYA KAZI, kilichokufa kitoe), chini yake unaweka nyumba, zile zilizobaki nje ya maduara ndo bajeti yako ya mwaka ujao. Diwani akija kuvutia kisima kwake unamgeuzia skrini tu.

Mafuriko nayo vilevile, wa Mpwapwa tunakumbuka mwisho wa 2009 kuingia 2010 maji yalivyoikata reli kati ya Kilosa na Gulwe. Dar walianza Ramani Huria 2015, wanafunzi na wakazi wenyewe wakachora mitaro na mitaa inayojaa maji, sisi na makorongo yetu haya tunangoja nini.

Ila ninachokiogopa ni kimoja. Ofisi niliyostaafu tulikuwa na ramani safi sana, ilikaa kwenye laptopu ya kijana mmoja, akahamishwa, ikaenda naye. Miezi kadhaa baadaye barabara iliyotoka kuwekwa lami ikachimbwa kupitisha bomba maana hakuna aliyejua mwenzake anapanga nini. Wekeni kwenye seva ya ofisi, na mjue kabisa nani anairekebisha kisima kikifa.

Kijana wa Nkuhungu
Asanteni sana wazee wangu na dada yangu. Nimerudisha alama za kutoa, Hombolo imerudi nyumbani, za Mpwapwa nilikuta kumi na moja ziko Katavi kweli, Fundi wewe ni mchawi. Ila kuna kitu kimenikosesha usingizi. Kuna vituo viwili vina majina tofauti, miaka tofauti na kila kimoja kina bajeti yake, kwenye ramani vimekaa nukta moja. Nimevuta karibu mpaka mwisho, ni palepale. Kesho napanda bodaboda nikakague kwa macho kabla sijamwambia bosi.

Fundi Bikoni
Nenda na mtendaji wa kijiji, na usome GPS ukiwa umesimama penye bomba, sio kwenye kivuli cha mwembe.